Darubini ya Angani Huanzia Kwenye Sufuria

Siku ya ngoma, fika uwanjani mapema kabla watu hawajajaa. Utamkuta mpigaji amewasha moto mdogo wa nyasi kavu, ameinamisha ngoma yake, anaigeuza taratibu ngozi ikielekea moto. Anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Ngozi iliyolala kwenye unyevu imelegea. Ikipata joto inakaza na sauti inapanda. Mpigaji huyo hajiulizi ngozi yake ina uzito gani. Anatafuta mvuto ulio sawa pande zote, basi.

Mhandisi anayebuni darubini kubwa ya kupelekwa angani anahangaika na jambo hilo hilo. Nawaandikia walimu wa fizikia na vijana wa Kasulu na Kibondo, mnaoishi mahali ambapo usiku usio na mwezi mtu anakihesabu Kilimia nyota moja moja bila taa ya barabarani kumsumbua. Kiwanda cha vioo vya darubini hatuna. Lakini kanuni zinazowatoa jasho wahandisi wa darubini hizo mnaweza kuzishika kwa mikono yenu, kwa sufuria lililotoboka, karatasi ya kung'aa ya kufungia zawadi, mpira wa ndani wa baiskeli, bomba la sindano na nta ya nyuki. Nimeyajaribu mengi ya haya, nikakosea kabla ya kupatia, na nitawaambia ni wapi nilipokosea.

Gramu 48

Kwanza tuelewane kwa nini darubini inataka ukubwa. Usiku mboni ya jicho la kijana hupanuka hadi milimita 7 hivi. Kioo chenye kipenyo cha sentimita 40 kinakusanya mwanga mara 3,200 na zaidi ya mboni hiyo. Tena kadiri kioo kinavyopanuka ndivyo kinavyoweza kutenganisha nukta mbili zilizo karibu sana, ambazo kioo kidogo huziona kama moja. Kwa hiyo kila mtaalamu wa nyota anatamani kioo kikubwa kuliko alicho nacho.

Kinachomzuia ni roketi. Roketi ina uzito inaoweza kubeba na upana inaoweza kufunika. Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwezi Aprili 1990, ina kioo cha mita 2.4 chenye kilo 828. Darubini ya James Webb, iliyorushwa kutoka kituo cha Kourou tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo cha mita 6.5, na kifuniko cha roketi ya Ariane 5 iliyoibeba hakikufika mita 6 kwa upana. Ilibidi kioo kikunjwe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulisema mbele ya darasa kabla sijagusa chaki. Kioo cha Webb kimepakwa dhahabu, na dhahabu yote hiyo, kwenye eneo la mita za mraba 25, ni gramu 48 hivi. Mwanga wa nyota unagusa gramu hizo 48 peke yake. Kilo nyingine zote zilizoko nyuma zina kazi moja tu, kuishikilia dhahabu isipoteze umbo lake. Basi kubuni darubini nyepesi ni kuuliza kila kilo: wewe unashikilia umbo, au umepanda roketi bure?

Chagua mwanga kabla ya kuchagua kioo

Wanaoanza hukimbilia vifaa. Anza na swali la mwanga, kwa sababu mwanga ndio unaokuambia umbo linaruhusiwa kukosea kiasi gani. Mwanga wa macho una urefu wa wimbi wa nanometa 550 hivi. Penye kibonyeo kwenye kioo, mwanga unaenda na kurudi, kwa hiyo kosa linahesabiwa mara mbili. Uso wenyewe usikosee zaidi ya sehemu moja ya nane ya wimbi, yaani nanometa 70 hivi. Chukua unywele mmoja, ugawe unene wake mara elfu moja: hapo ndipo penye mpaka. Hubble ilipofika angani ikagundulika kwamba ukingo wa kioo chake ulikuwa umechongwa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2, na picha zikatoka na ukungu hadi wanaanga walipokwenda kuirekebisha Desemba 1993.

Mawimbi marefu yanasamehe. Dishi la televisheni juu ya bati linapokea mawimbi yenye urefu wa sentimita mbili na kitu, ndiyo maana mtoto akilipiga jiwe likabonyea kidogo picha haikatiki. Ukichagua mawimbi ya redio unaweza kujenga kikubwa kwa wavu mwembamba tu.

Na upo mwanga usiotaka kioo cha kawaida kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Eksirei zikikipiga kioo ana kwa ana hazirudi, kwa hiyo Uhuru haikubeba kioo. Ilibeba vipokezi viwili vilivyotazama pande mbili, yenyewe ikizunguka polepole na kufagia anga. Kwa uzito wa kilo 140 hivi ilitupatia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Huo ndio wepesi ninaouheshimu kuliko wote: kutobeba kabisa kile ambacho mwanga wako haukihitaji.

Bati na sega

Ukishajua kosa linaloruhusiwa, andika kipimo cha pili daftarini: kilo kwa kila mita ya mraba ya kioo. Hubble ni kilo 180 na ushee. Kioo cha darubini nyingine ya angani, Nancy Grace Roman, kina upana ule ule wa mita 2.4 lakini uzito wake ni kilo 186 tu, yaani kilo 41 hivi kwa mita ya mraba. Vipande vya Webb, kila kimoja kikiwa na kilo 20 hivi bila mitambo yake ya nyuma, viko chini zaidi. Karatasi ya zawadi haifiki hata gramu 50.

Umbo linashikiliwaje bila unene? Njia ya kwanza iko juu ya nyumba zenu. Bati bapa ukilishika pembe moja linaning'inia kama kitambaa. Likunje migongo, chuma kile kile, uzito ule ule, na fundi anatembea juu yake. Kinachotia ugumu ni kina, yaani umbali kati ya uso wa juu na wa chini. Nyuki wa Kibondo wanalijua hili bila kusoma: sega lenye kilo moja ya nta linabeba asali zaidi ya kilo 20, kwa sababu kuta nyembamba za pembe sita zinaegemeana. Kioo cha Hubble kimejengwa hivyo hivyo, mabamba mawili ya kioo na katikati vyumba mfano wa sega. Kingekuwa kizima bila vyumba kingezidi kilo 3,000.

Jaribio lake ni la dakika ishirini. Kata karatasi ya manila vipande virefu vya upana wa sentimita 2, vikunje viwe vyumba vya pembe sita, vigandishe kati ya manila mbili bapa. Weka kati ya viti viwili, pandisha vitabu kimoja kimoja. Halafu chukua manila za uzito huo huo, zigandishe pamoja bila vyumba, urudie. Andika namba zote mbili. Mwanafunzi aliyeona tofauti hiyo hasahau.

Sufuria

Sasa twende kwenye utando, ambao ndio uliofanya nianze na ngoma. Ukitaka kushuka chini ya kilo moja kwa mita ya mraba huna budi kuacha kioo kigumu na kuvuta kitu chembamba.

Tafuta sufuria pana, la sentimita 40, lile lililotoboka ambalo jikoni wameliweka kando. Kabla ya yote lifunike kifudifudi kwenye sakafu ya saruji iliyo laini. Likichezacheza, ukingo wake si bapa, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: nilivuta utando vizuri sana juu ya ukingo uliopinda, nikapata kioo kinachochora mstari badala ya nukta. Tandika msasa sakafuni, sugua ukingo kwa mzunguko mpaka litulie. Usione uchovu, maana utando hauwezi kuwa mwema kuliko ukingo unaoushika.

Katika tundu la sufuria penyeza mrija wa dripu mpya na uzibe kwa nta uliyoipasha mkononi ikalainika. Nta ya huku ni nzuri kwa kazi hii: haipitishi hewa, na ukikosea unaibandua bila kuchubua kitu. Paka uzi wa nta kuzunguka ukingo pia. Tandaza karatasi ya kung'aa juu yake, isiyo na makunyanzi, uso unaong'aa zaidi ukiwa juu. Ifunge kwa utepe mrefu uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko mitatu au minne.

Kuvuta kuna adabu yake. Nenda kwa fundi baiskeli umwangalie anavyonyoosha ringi. Hakazi spoku zote za upande mmoja akamaliza. Anakaza hii kidogo, anahamia ya ng'ambo, anarudi, na kila mara anazungusha gurudumu atazame. Spoku zile ni nyembamba kama njiti, na baiskeli hiyo hiyo inapandisha gunia la mahindi mlimani. Vuta karatasi yako hivyo: kidogo kaskazini, kidogo kusini, mashariki, magharibi, halafu katikati ya hizo. Gonga kwa kidole kama mpiga ngoma. Sauti ikilingana pande zote, umefika.

Sasa unganisha bomba la sindano la mililita 20 kwenye mrija na utoe hewa, ukibana mrija kila unapoliondoa kumwaga hewa. Utando utazama katikati na kuwa kioo kilichobonyea. Kanuni ni hii: zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa kina mara 16, unapata umbali ambapo mwanga wa mbali unakutana, yaani fokasi. Kwa kipenyo cha sentimita 40 na kina cha nusu sentimita, fokasi iko mita 2 mbele. Hewa ya kutoa ni mililita 310 hivi, sawa na kuvuta sindano mara 16. Vuta polepole; ukizidisha, utando unavutika moja kwa moja na hautarudi.

Funika kioo hicho kwa kanga kila kinapopita juani. Nasisitiza. Jua likikiangukia vizuri, mwanga wote wa eneo lile unakusanyika mahali padogo, na kiangazi cha huku nyasi zinasubiri kisingizio tu. Mtu asitazame jua kwa kioo hicho, hata kwa sekunde moja.

Usiku, chumbani, simama mita 4 kutoka kwenye sufuria ukiwa na tochi iliyofunikwa karatasi yenye tundu la pini. Umbali huo ni fokasi mara mbili, kwa hiyo mwanga unarudi na kujikusanya ubavuni mwa tochi. Pokea kwenye karatasi nyeupe. Nukta ikiwa na mikia, upande unaoelekea mkia umekazwa kupita kiasi au umelegea. Rekebisha, tazama tena.

Joto, adui wa kimya

Acha sufuria limezibwa tangu alasiri, bila kulitoa hewa hata kidogo, kisha urudi saa nne usiku. Utakuta utando umezama wenyewe. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani mwanafunzi amechezea mrija. Hesabu ikanifungua macho: sufuria la kina cha sentimita 15 lina lita 19 za hewa, na hewa hiyo ikipoa kwa nyuzi 5 inasinyaa kwa zaidi ya mililita 300, karibu kile kile tulichokitoa kwa sindano. Jioni ya Kasulu peke yake inatosha kutengeneza kioo, na asubuhi inakibomoa.

Dawa yake ni kupunguza hewa. Jaza sufuria mchanga mkavu mpaka ubaki upenyo wa sentimita 3. Badiliko linashuka hadi karibu nusu, maana kati ya chembe za mchanga bado kuna hewa. Huo ni ubunifu wa kihandisi kamili, wa kumtafuta mkorofi na kumnyima nafasi. Wenye Webb walifanya hivyo kwa njia yao. Waliweka pazia la tabaka tano za utando wa plastiki uitwao Kapton kati ya jua na kioo, kila tabaka nyembamba kuliko karatasi ya daftari, zikavutwa kwa kamba kama turubai linavyowambwa juu ya miti, pazia zima lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Kioo chenyewe wakakitengeneza kwa beriliamu, madini mepesi na magumu ambayo umbo lake halihangaiki sana kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Anayelala chini ya bati anajua kwa nini: jioni bati linalialia likijikunja.

Utando wa hewa umeshajaribiwa angani. Mwezi Mei 1996 chombo cha anga cha Endeavour kilipeleka antena ya kujazwa hewa yenye upana wa mita 14. Ilijikunjua na kuonyesha kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kusafiri kikiwa kifurushi. Angani hakuna hewa ya nje ya kusukuma, kwa hiyo ilibidi utando unaong'aa uungwe na mwingine unaopitisha mwanga, gesi ikae katikati. Lakini kwa mwanga wa macho bado kuna kikwazo ambacho mhandisi Heinrich Hencky alikipigia hesabu tangu mwaka 1915: utando bapa ukisukumwa na hewa haupati umbo kamili linalotakiwa na fokasi moja. Unakaribia tu. Ndiyo maana sufuria letu litakupa duara dogo la mwanga na halitakuonyesha miezi ya Mshtarii. Mwambie mwanafunzi ukweli huo mapema, asije akakata tamaa.

Kutazama kupitia, na kuvunja vipande

Wapo waliokwepa kikwazo hicho kwa kuacha kurudisha mwanga, wakaupitisha. Shika kioo cha kujitazamia ukitikise kidogo: sura inaruka. Shika kipande cha kioo cha dirisha ukitikise vile vile huku ukitazama mti kupitia kwake: mti umetulia. Utando mwembamba unaopitisha mwanga unavumilia mikunjo ambayo kioo cha kurudisha mwanga hakiwezi kuivumilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani ilitengeneza lenzi bapa ya mita 5 kwa vipande 72, inayokunjika kwa ufundi wa kukunja karatasi wa Kijapani. Baadaye shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, katika mradi wa MOIRE, lililenga utando wa aina hiyo wenye upana wa mita 20. Bei yake ni rangi: kila rangi inakutana umbali wake, na lazima kifaa kingine kizipatanishe.

Njia iliyoshinda mpaka sasa ni vipande. Nunueni vioo saba vya mfukoni. Kila kimoja kigandishe kwenye kibao, kibao kikae juu ya kipande cha sponji ya godoro, na skrubu tatu zikishikize kwenye ubao mkubwa. Asubuhi elekezeni mwanga wa jua kwenye ukuta ulio kivulini. Msigeuke kuvitazama vioo. Mtaona mabaka saba yaliyotawanyika. Funika kimoja kwa kiganja ujue baka lake ni lipi, zungusha skrubu zake, lilete katikati, uende kwa kingine. Februari 2022 Webb ilipotazama nyota moja iliona nukta 18, na wataalamu walivisogeza vipande kimoja baada ya kingine wajue nukta ipi ni ya kipande kipi, wakaviunganisha kwa mota zinazosogea hatua za nanometa 10 hivi. Kufikia Machi nyota ilikuwa moja. Uzito waliokataa kuubeba waliulipia kwa uvumilivu wa kupima.

Kwa mwalimu atakayeanzisha kazi hii naomba jambo moja. Kila jaribio liwe na ukurasa wake daftarini: kipenyo, kina, saa, joto la chumba, ukubwa wa nukta kwa milimita, na nani alivuta utando. Kundi la mwaka unaofuata lianzie hapo, lisirudie makosa ya ukingo uliopinda kama mimi. Mwishoni mwa kiangazi moshi wa mashamba hufunika anga la huku hata Kilimia kikafifia. Mvua za kwanza zikishauosha, usiku unaofuata ni mweusi na nyota ziko karibu. Sufuria lenu liwe limeshasuguliwa msasa kabla ya hapo.